Ramla na Ngoma ya Mapasa

Kila asubuhi Ramla alipita nyumbani kwa rafiki yake Solange ili waende shule pamoja, na kila asubuhi Solange alikuwa bado anatafuta kiatu cha pili. Ramla hakusubiri kiatu kipatikane ndipo aanze kusimulia. Alianzia pale pale mlangoni. Alisimulia ndoto aliyoiota, au ugomvi wa waendesha toleka wawili waliogonganisha baiskeli zao za abiria karibu na soko, au mambo ya Kindu, mji aliozaliwa. Njia nzima yeye alizungumza na Solange alicheka, mpaka kengele ya shule ikawakuta bado wako nje ya lango.

Ramla alikuwa na miaka kumi na miwili. Familia yake ilikuwa imefika Kisangani miezi minne tu iliyopita, baba yake, Papa Lukumani, alipohamishiwa katika ofisi moja ya serikali kule Makiso, katikati ya mji. Kwa kawaida mtoto mgeni darasani hutaabika kabla ya kupata marafiki. Ramla hakutaabika, kwa sababu alijua kusimulia. Wakati wa mapumziko wenzake wa darasa la sita walimzunguka kama kuku waliomwagiwa mahindi, na yeye hakuwanyima.

Kusema kweli, alikuwa na tabia ya kutia chumvi. Mbwa mmoja aliyebweka barabarani, akifika mdomoni mwa Ramla, alikuwa mbwa watatu. Mvua ya kawaida iling'oa mabati ya nyumba kumi. Wenzake walijua kwamba anaongeza kidogo, na hawakujali. Hakuna aliyekuwa ameumia kwa maneno yake, basi hakuna aliyemkanya.

Mwaka huo mama yake Solange, Mama Micheline, alijifungua mapacha, mvulana na msichana. Mvulana aliitwa Trésor na msichana Jemima. Kisangani mapacha huitwa mapasa, na katika ukoo wa Solange, watu wa mtoni waliotoka kijiji kimoja upande wa Yangambi, mapasa hawatolewi nje kimya kimya. Mama hukaa ndani na watoto wake kwa majuma kadhaa. Kisha ndugu wanakusanyika, wanamtoa kwa ngoma. Ndiyo maana bibi yake Solange, Koko Berthe, alishuka kwenye boti siku chache kabla ya sherehe na furushi la majani kichwani, akija kuwaona wajukuu wake wawili kwa mara ya kwanza.

Solange alimwalika Ramla. Katika darasa zima alimwalika yeye peke yake, na Ramla alijisikia fahari kubwa. Mama yake Ramla alimruhusu kwenda. Alimpa mche mmoja wa sabuni uliofungwa vizuri kwa karatasi, maana haifai kwenda kuona mtoto mchanga mikono mitupu. Kwao Kindu, mjini, wala yeye wala binti yake hawakuwahi kuingia katika sherehe ya mapasa, na hawakufikiria kumuuliza mtu.

Siku ya Jumamosi alasiri, ua ulikuwa umejaa. Ulikuwa ua mmoja wenye nyumba tatu za kupangisha, zote mali ya Papa Sébastien, mzee aliyeishi ng'ambo ya barabara. Wapangaji wa nyumba nyingine mbili hawakuwapo, walikuwa sokoni kwenye biashara zao. Ngoma mbili zilianza kulia. Wanawake waliojifunga majani kiunoni na kujipaka udongo mweupe usoni walitokea nyuma ya nyumba wakicheza wawili wawili, bega kwa bega, kila mmoja akipiga hatua ile ile ya mwenzake. Ramla alisimama karibu na ukuta na sabuni yake mkononi. Aliona ni jambo zuri sana, na wakati huo huo aliogopa kidogo, kama mtu anavyoogopa kitu asichojua kitaishia wapi.

Mlango ukafunguliwa. Mama Micheline akatoka, mtoto mmoja kila mkono, na mumewe Papa Pierre akamfuata na shada la majani shingoni. Koko Berthe alichovya fungu la majani katika beseni, akawanyunyizia watoto, akawanyunyizia wazazi, akawanyunyizia watu wote waliokuwa karibu. Maji yalikuwa yamelowekwa majani tangu jana yake, yakawa na rangi ya chai. Tone moja lilimpata Ramla puani.

Kisha zikaanza nyimbo, na hapo Ramla alishangaa. Wanawake walimwimbia Papa Pierre kwamba anakoroma mpaka samaki wa mtoni wanahama. Walimwimbia Mama Micheline kwamba anamaliza lituma, ndizi za kupondwa, ya watu watatu na bado anauliza kama sufuria ina kitu. Kwa akina Ramla mtu hathubutu kumsema mzazi hivyo hadharani. Lakini Papa Pierre alicheza huku akicheka mpaka shada likamtoka shingoni, na Mama Micheline naye aliwajibu kwa mabega.

Ulipofika wakati wa wageni kuwasalimia watoto, Koko Berthe aliwaita kwa majina, mmoja mmoja. Alipoitwa, Ramla alipita mbele akaweka sabuni yake miguuni pa Jemima, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu. Ngoma zikanyamaza. Shangazi mmoja wa Solange aliokota ile sabuni, akaiinua juu kila mtu aione, akatunga wimbo hapo hapo. Aliimba kwamba mgeni wa Kindu ana mkono mmoja, na mkono wa pili ameusahau wapi. Ngoma zikalia tena, wanawake wakauitikia wimbo, wakamzunguka Ramla wakicheza na kucheka. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mapasa hupewa kila kitu sawasawa, viwili kwa viwili, na kwamba kumpa mmoja na kumwacha mwenzake ni kumdharau mwenzake.

Koko Berthe alichukua kisu, akaikata sabuni vipande viwili, akaweka kimoja kwa Trésor na kimoja kwa Jemima. Mambo yakawa yamekwisha. Alimwonyesha Ramla kwa mkono aje kukaa karibu naye. Lakini Ramla hakuona mkono huo, kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alipenya katikati ya watu, akatoka bila kuaga, wakati chakula ndiyo kwanza kinaanza kupakuliwa.

Jumatatu Solange hakuja shule, alikuwa akisaidia kazi nyumbani baada ya wageni. Wakati wa mapumziko, Rosine, msichana aliyependa habari kuliko wote, alimuuliza Ramla sherehe ilikuwaje. Wenzake wakamzunguka kama kawaida. Ramla alianza vizuri. Alieleza majani, udongo mweupe, hatua za wawili wawili. Alipokaribia habari ya sabuni, aibu ikamshika. Angewezaje kusema kwamba watu walimwimba na kumcheka? Akairuka habari hiyo, na palipobaki pengo akaweka kitu kingine.

Alisema kwamba maji ya beseni yalikuwa mekundu, na hakuna aliyejua wekundu huo umetoka wapi. Wenzake walisogea karibu zaidi. Alisema kwamba bibi aliita majina ya watu waliokufa. Mtu akashika mdomo. Basi Ramla akaongeza la mwisho, kwamba Trésor, mtoto wa majuma sita, alifumbua macho akamtazama kama mzee. Hakuwahi kusikilizwa namna hiyo tangu afike Kisangani. Kengele ilipolia, hakuna aliyekimbilia darasani.

Safari hii chumvi ilizidi. Maneno hayakubaki shuleni. Rosine alimwambia shangazi yake, na shangazi huyo alikuwa mmoja wa wapangaji katika ua ule ule wa akina Solange. Shangazi akawaambia jirani bombani. Jirani wakayachukua na kuyafikisha walikoyafikisha, na kila aliyeyapokea aliongeza lake. Kuna watu mjini ambao wakisikia neno uchawi likitajwa pamoja na jina la mtoto, hawangoji kuuliza. Watoto wamewahi kufukuzwa majumbani kwa neno hilo moja. Kufikia Jumatano, wapangaji wale wengine walikuwa wamemwambia Papa Sébastien kwamba kama mapasa wale hawaondoki, wataondoka wao.

Juma hilo Solange hakurudi shule, na Ramla kwa aibu hakupita kwao mpaka Ijumaa asubuhi, alipokwenda kumchukua, akakuta magodoro mawili na masufuria nje ya mlango. Solange hakuwa amevaa sare. Alikuwa ndani anakunja nguo, na hakutoka. Koko Berthe aliketi kwenye kigoda akimwogesha Jemima, na ndiye aliyemweleza Ramla. Papa Sébastien amewapa mpaka kesho Jumamosi wawe wamehama. Papa Pierre amezunguka siku mbili akitafuta nyumba, na kila alipofika alikuta habari za mapasa zimemtangulia. Ilibaki kurudi kijijini kwa boti. Papa Pierre ataacha kazi yake, na Solange ataacha shule wakati imebaki miezi mitatu tu kabla ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi.

Koko Berthe hakujua maneno yalitokea wapi. Alimfuta mtoto, akamtazama Ramla.

"Siku ile ulikimbia mbele ya kukula," alisema. "Juu ya nini?"

"Bote mulinicheka, Koko."

"Sikia, mutoto. Siku ya mapasa tunachekaka papa yabo, tunachekaka mama yabo, tunachekaka batu ya nyumba. Mutu wa njia hatumuimbie. Tunamupa kiti, tunamupa chakula, basi. Weye tulikuimbia juu Solange alisema uko ndugu yake."

Ramla alitaka kusema hapo hapo, lakini ule mdomo wake uliokuwa hodari kila siku ulikataa kufunguka. Aliaga, akaenda shule, na hakusikia somo hata moja. Mwalimu alimuuliza mji mkuu wa jimbo la Tshopo, mji anaoishi, naye akajibu Kindu. Darasa likacheka, na hata hilo hakulisikia.

Mchana alimkuta Papa Lukumani nyumbani akipiga pasi shati lake la kazi. Ramla alimweleza yote, tangu sabuni mpaka macho ya Trésor. Alieleza akilia, akaeleza tena pale kilio kilipomkatiza. Aliogopa kwamba baba atamchapa, na zaidi aliogopa kwamba hatamchapa, atamtazama tu. Papa Lukumani aliweka pasi kando.

"Bale batoto iko na juma ngapi?" aliuliza.

"Sita."

"Vala viatu. Tunaenda."

Walimkuta Papa Sébastien uani, amekuja kuhakikisha kwamba vyombo vinatolewa kweli. Shangazi yake Rosine alikuwa amesimama mlangoni pake, mikono kiunoni, na mpangaji wa nyumba ya tatu alikuwa karibu naye. Papa Pierre alikuwa akifunga magodoro kwa kamba. Papa Lukumani aliwasalimu wote kwa heshima, akamwambia mwenye nyumba, "Papa Sébastien, mutoto wangu iko na neno ya kukuambia. Miye sitamusemea." Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akamwacha Ramla peke yake katikati ya ua.

Ramla alisema kwamba maneno yote yaliyozunguka mjini juu ya mapasa yalitoka kwake. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, ikambidi arudie. Papa Sébastien alimkazia macho.

"Maji ilikuwa nyekundu, ao haikuwa nyekundu?"

"Haikuwa nyekundu, Papa. Ilikuwa maji ya majani, rangi ya chai. Ile nyekundu niliongeza miye."

"Na majina ya batu ya kufa?"

"Koko alikuwa anaita majina ya bageni, bapite kusalimia. Aliita hata yangu."

"Na mutoto alikuangalia sawa muzee?"

"Alikuwa analala, Papa. Hakufungua hata jicho moja."

Papa Sébastien akauliza kwa nini basi alisema hayo yote. Hilo ndilo lilikuwa swali gumu kuliko yote. Ramla alieleza habari ya sabuni, jinsi alivyompa mtoto mmoja, jinsi alivyoimbwa, jinsi alivyoona aibu kuwaambia wenzake na kuweka uongo mahali pa aibu. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza, uso wake ulikuwa umelowa na pua inamwagika, na hakuwa na kitambaa cha kujifutia.

Mzee alimgeukia shangazi yake Rosine akamuuliza kama yeye aliona kitu chochote kwa macho yake siku ile. Alijibu kwamba alikuwa sokoni. Mpangaji wa nyumba ya tatu naye alikuwa sokoni. Papa Sébastien alikuna kidevu.

"Na miye niko ngambo ya barabara," alisema. "Hatua makumi mbili. Sikuya kuuliza."

Alimwomba Papa Pierre radhi, na ilionekana wazi kwamba si kazi aliyoizoea. Akasema vyombo virudi ndani. Shangazi yake Rosine aliingia kwake akafunga mlango, na mwisho wa mwezi alihama kweli. Si kila mtu aliyeuamini uongo hukubali kuuacha siku ile ile ukweli unapofika. Lakini mpangaji yule mwingine alisita, kisha akashika ncha moja ya godoro.

Solange alikuwa ametokea mlangoni na alikuwa amesikia yote. Ramla alimwendea akamwomba msamaha. Solange hakulia wala hakumgombeza.

"Katika klasi muzima nilialika weye moja tu," alisema.

Akachukua sufuria, akaiingiza ndani. Ramla alibaki amesimama. Maneno hayo yalimuuma kuliko kiboko, na alijua kwamba yalistahili kumuuma. Alimwambia baba yake kwamba Jumatatu atasimama mbele ya darasa aseme kama alivyosema hapa, pamoja na habari ya sabuni. Papa Lukumani alijibu kwamba ni lazima, na kwamba atapita kwa mwalimu kumwarifu. Kisha akakunja mikono ya shati, akaenda kumsaidia Papa Pierre kubeba kitanda.

Koko Berthe alikuwa bado kwenye kigoda chake, Jemima mapajani, Trésor amelala kwenye mkeka. Alimwita Ramla. Ramla alikuja pole pole, akapiga magoti, akangoja kugombezwa.

"Kuona kitu na kukosa kuelewa, ile si kosa," alisema Koko Berthe. "Hata miye, siku ya kwanza nilifika Kisangani, sikuelewa kitu. Kosa yako ni hii. Fasi haukujua, pale pale uliweka maneno yako. Na batu balikuamini, juu weye ulikuwa pale na bo habakuwa. Mutu aliona na macho yake, bengine banamuaminia. Basi siku ingine ukiona kitu na haujue, uliza. Miye nilikuwa pale pale, nimeikala kwa kiti. Ningekuambia yote."

Ramla aliitikia kwa kichwa. Watu wazima wote walikuwa wameshika vyombo, na jua lilikuwa limeufikia mkeka. Koko Berthe akamwambia amchukue Trésor amwingize kivulini, asichomwe na jua. Ramla alisita. Alitazama mlango ambao Solange alikuwa ameingia, akamtazama bibi, akaona kwamba hatanii.

Alimwinua mtoto kwa mikono yote miwili. Alikuwa mwepesi kuliko alivyofikiri, na alinuka maziwa. Trésor alifumbua macho kidogo, akamtazama kama watoto wachanga wanavyotazama kila kitu, bila kujua ni nani aliyemshika wala alisema nini juu yake. Kisha akapiga mwayo, akalala tena. Ramla alimbeba mpaka kivulini akilia, akakaa naye pale mpaka godoro la mwisho likaingia ndani.